Mtu na Mashine Katika Uamuzi Mmoja: Kwa Nini Vyuo Vikuu na Viwanda Havina Budi Kutafiti Pamoja

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa mbele ya wanachuo, watendaji wa viwanda na wananchi. Unachapishwa ukiwa na marekebisho machache. Maneno yaliyoelekezwa kwa wasikilizaji yameachwa kama yalivyotamkwa.)



Wapo hapa watu waliofika moja kwa moja kutoka kazini. Mada ya leo inawagusa wao kabla ya mtu mwingine yeyote ukumbini humu, maana ndio wanaoketi mbele ya kioo cha kompyuta, wakasoma kilichopendekezwa na mfumo, kisha wakatakiwa kusema ndiyo au hapana.

Madhumuni ya mhadhara huu ni mamoja. Unakusudia kuonyesha kwamba uamuzi unaofanywa na mtu akisaidiwa na mashine hauwezi kueleweka ndani ya maabara peke yake, wala hauwezi kuachiwa kampuni inayouza mashine hiyo iupime yenyewe. Unahitaji utafiti wa pamoja: chuo kikuu kilete maswali yake, vipimo vyake na uhuru wake wa kusema, kiwanda kilete kazi halisi, watu halisi na data ya kila siku. Tena, masharti ya ushirikiano huo yaandikwe kabla matokeo hayajajulikana. Hoja zitakazotolewa ni tano.

Hoja ya kwanza: Kinachopaswa kupimwa ni mtu na mashine wakiwa pamoja

Mwaka 1985, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, Feng-hsiung Hsu, alianza kuunda chipu ya kompyuta kwa ajili ya kucheza sataranji. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Murray Campbell waliajiriwa na IBM, wakaiendeleza kazi hiyo kwa fedha na vifaa ambavyo chuo kisingevimudu. Mei 1997, jijini New York, mashine iliyozaliwa na safari hiyo, Deep Blue, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na wengi walihitimisha kuwa swali la nani zaidi, mtu au mashine, limekwisha.

Kasparov mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1998, katika mji wa León nchini Hispania, alicheza na Veselin Topalov kila mmoja akiwa na kompyuta yake pembeni. Miaka saba baadaye, mwaka 2005, yakafanyika kwenye intaneti mashindano yaliyomruhusu mtu yeyote kushirikiana na kompyuta yoyote. Walishiriki wachezaji wa daraja la juu kabisa duniani. Walioibuka washindi walikuwa Wamarekani wawili wa ridhaa, wakitumia kompyuta tatu kwa mpigo. Sifa yao haikuwa ubingwa wala ukubwa wa mashine. Walijua waiulize kompyuta gani swali gani, na wakati gani waache kuisikiliza.

Ingekuwa rahisi kusema basi kwamba mtu akijumlishwa na mashine, daima matokeo huwa bora. La hasha. Mwaka 2024 watafiti wa MIT, miongoni mwao Thomas Malone, walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 106 kuhusu watu wanaofanya kazi na akili unde. Waligundua kuwa, kwa wastani, mtu na mashine wakiwa pamoja walifanya vibaya kuliko yule aliye bora kati yao angefanya akiwa peke yake. Upungufu ulijitokeza hasa katika kazi za kuamua. Katika kazi za kubuni na kuandika, ushirikiano ulielekea kuleta faida. Na pale ambapo mtu alikuwa hodari kuliko mashine, kuwaunganisha kulisaidia.

Mfano mwingine ulitokana na ushirikiano wa moja kwa moja kati ya chuo na kampuni. Mwaka 2023, watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard na wenzao walifanya jaribio na washauri 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group. Katika kazi ambazo akili unde inaziweza, waliopewa chombo hicho walimaliza kazi nyingi zaidi kwa asilimia 12, na kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 25. Kisha wakapewa kazi iliyoandaliwa makusudi ili mashine ikosee. Wasiokuwa na akili unde walipata jibu sahihi kwa asilimia 84. Waliokuwa nayo walishuka hadi kati ya asilimia 60 na 70. Hao ni watu waliosoma, wanaolipwa kwa kufikiri. Mashine iliandika jibu lenye ufasaha, nao wakashawishika.

Ndugu wasikilizaji, tafiti hizo mbili zikisomwa kwa pamoja zinaacha funzo zito kwa kila meneja wa ununuzi. Karatasi ya kampuni inayosema "mfumo wetu ni sahihi kwa asilimia 95" haijaeleza lolote kuhusu kitakachotokea mfumo huo utakapokabidhiwa wafanyakazi wa meneja huyo.

Hoja ya pili: Kazi halisi haiigiziki maabarani

Kampuni ya Google ilitengeneza mfumo wa kusoma picha za retina ili kubaini madhara ya kisukari machoni, ugonjwa unaoweza kumpofusha mtu usipogunduliwa mapema. Maabarani mfumo ulifanya vizuri, usahihi ukapita asilimia 90. Ulipopelekwa katika kliniki 11 nchini Thailand, watafiti wakiongozwa na Emma Beede walikwenda kuketi na wauguzi na kuangalia. Waliyoyaona waliyachapisha mwaka 2020.

Wauguzi walipiga picha za macho ya wagonjwa katika vyumba vilivyotumika pia kwa shughuli nyingine, na vyumba vingi havikuweza kutiwa giza la kutosha. Mfumo ulikuwa umefundishwa kukataa picha hafifu, kwa usalama. Kati ya picha 1,838 za mwanzo, asilimia 21 zilikataliwa. Mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa aliambiwa aende hospitali nyingine siku nyingine, hata kama muuguzi, kwa macho yake, haoni tatizo. Kwa mgonjwa asiye na usafiri, na ambaye siku akikosa kazini hukatwa ujira, ushauri huo si mdogo. Halafu kuna mtandao: katika kliniki moja intaneti ilikatika kwa saa mbili, na wagonjwa 200 waliotarajiwa kupimwa siku ile wakawa 100.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililokuwa kosa la hesabu za mashine. Taa, foleni, nauli, uamuzi wa muuguzi kumwambia mgonjwa "rudi kesho" au "subiri kidogo": yote yalikuwa nje ya vipimo vya maabara, na yote yaliamua kama mgonjwa atapata huduma. Ndiyo maana mtafiti wa chuo anayetaka kusoma uamuzi wa mtu na mashine hana budi kubisha hodi kwenye kliniki, kiwanda, benki au shamba. Na mwenye mlango akiufungua, ajue kwamba mgeni ataona pia yasiyopendeza.

Hoja ya tatu: Mtu kuwekwa mbele ya mashine si kinga yenyewe

Mara nyingi, wasiwasi kuhusu akili unde hujibiwa kwa sentensi moja: "Usihofu, uamuzi wa mwisho ni wa binadamu." Sheria ya Akili Unde ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeweka sharti la usimamizi wa binadamu kwa mifumo yenye hatari kubwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine pekee katika maamuzi yenye athari kubwa kwake. Hizo ni hatua za maana. Lakini utafiti wa miaka 40 unauliza: binadamu huyo aliyewekwa pale anaweza kweli kuizuia mashine ikikosea?

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Uingereza Lisanne Bainbridge alichapisha makala fupi juu ya mitambo ya kiotomatiki ambayo hadi leo haijapitwa na wakati. Alieleza kuwa kadiri mashine inavyochukua kazi za kawaida, ndivyo mtu anavyobakiwa na kazi ngumu zaidi, zile zilizomshinda mbunifu wa mashine. Wakati huohuo mtu huyo anapoteza mazoezi, maana hashiki tena usukani kila siku. Anaambiwa aangalie tu, na binadamu hachukui muda mrefu kabla ya kuchoka kuangalia kitu kisichobadilika.

Usiku wa kuamkia Juni 1, 2009, ndege ya Air France namba 447 ilikuwa juu ya Bahari ya Atlantiki ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Chembe za barafu ziliziba kwa muda mfupi vijibomba vinavyopima kasi. Mfumo wa kujiendesha ulipokosa vipimo vya kuaminika ukajizima, ukawaachia marubani ndege nzima gizani. Mmoja wao aliinua pua ya ndege na kuendelea kuivuta juu, mpaka mabawa yakashindwa kuibeba. King'ora cha onyo kililia. Hapa panahitaji kusikilizwa kwa makini: kasi iliyosomwa iliposhuka mno, mfumo ulihesabu kuwa vipimo havifai na king'ora kikanyamaza; rubani alipojaribu kushusha pua, hatua iliyokuwa sahihi, vipimo vikarudi na king'ora kikaanza kulia tena. Kwa sikio la mtu aliyekwisha kuchanganyikiwa, jambo sahihi lilisikika kama kosa. Chini ya dakika tano tangu mfumo ujizime, ndege iligonga bahari. Watu wote 228 walikufa.

Afrika Mashariki ina msiba wake katika orodha hii. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi na kuanguka dakika sita baadaye, ikaua watu 157, wakiwamo Wakenya 32. Programu iliyoitwa MCAS, iliyotegemea kihisi kimoja tu, ilipokea kipimo cha uongo na kuisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Takriban miezi minne na nusu kabla, ndege ya Lion Air ya Indonesia ilikuwa imeanguka kwa chanzo hichohicho, na hadi siku ya ajali hiyo ya Lion Air marubani walikuwa hawajaelezwa katika vitabu vyao kuwa programu hiyo ipo. Rubani hawezi kusahihisha uamuzi wa mshirika asiyemjua.

Hospitalini hali haitofautiani sana. Mwaka 2023 watafiti wa Ujerumani waliwaomba madaktari 27 wa radiolojia wasome eksirei 50 za matiti, wakiambiwa kuwa mapendekezo wanayoyaona yametoka kwa akili unde. Baadhi ya mapendekezo yalikuwa ya makosa kwa makusudi. Madaktari wachanga walipata jibu sahihi kwa karibu asilimia 80 pale mashine iliposema kweli. Ilipodanganya, wakaanguka hadi asilimia 20. Je, wakongwe? Nao walishuka, kutoka asilimia 82 hadi takriban asilimia 45.

Lugha ya kuzungumzia makosa haya imekuwapo kwa muda mrefu, na ilitokana na ushirikiano wa aina inayojadiliwa leo. Mwaka 1997 Raja Parasuraman, aliyekuwa mwanazuoni jijini Washington, na Victor Riley wa kampuni ya Honeywell, mtengenezaji wa vifaa vya ndege, waliandika makala inayoeleza njia nne za mtu kuhusiana na mashine: kuitumia ipasavyo, kuitegemea kupita kiasi, kuisusa hata pale inapofaa, na nne, inayowahusu mabosi, kuisimika kazini bila kumfikiria mtu atakayefanya kazi nayo. Mmoja alijua saikolojia ya binadamu, mwenzake alijua chumba cha rubani. Makala ile isingeandikwa na upande mmoja.

Hoja ya nne: Ushirikiano mzuri hujengwa kwa masharti, si kwa hisani

Mheshimiwa Mwenyekiti, baadhi ya wanachuo humu ndani huenda wanajiuliza: kampuni ikilipia utafiti, haitanunua na majibu? Nao watendaji wanajiuliza: chuo kikishaingia, si kitachukua miaka mitano kutuambia tunachohitaji kukijua wiki hii? Hofu zote mbili zina msingi. Dawa yake ni muundo, na mifano miwili inaonyesha muundo huo unavyofanya kazi.

Wa kwanza unatoka Sweden. Kwa desturi, kila eksirei ya matiti katika uchunguzi wa kitaifa husomwa na madaktari wawili. Watafiti wakiongozwa na Kristina Lång wa Chuo Kikuu cha Lund waliuliza kama akili unde ingeweza kupunguza mzigo huo bila kuhatarisha wanawake. Walitumia mfumo wa Transpara wa kampuni ya ScreenPoint Medical, ambayo yenyewe ilichipuka kutoka Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi. Mfumo ulizipa picha alama 1 hadi 10 kwa kadiri ya hatari. Zilizopata 1 hadi 9 zilisomwa na daktari mmoja. Zilizopata 10 zilisomwa na wawili. Wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Matokeo ya awali ya wanawake 80,033 yalichapishwa mwaka 2023: kundi la akili unde liligunduliwa saratani 244, kundi la desturi 203, na mzigo wa kusoma ulipungua kwa asilimia 44.

Wenye mikataba mezani watazame mambo matatu hapo. Fedha zilitoka serikalini na katika taasisi za Sweden za kupambana na saratani, si kwa muuza mfumo. Daktari hakuondolewa hata kwenye picha moja. Kilichobadilishwa ni namna ya kugawa umakini wake. Na kundi la kulinganisha liliwekwa tangu siku ya kwanza, hivyo matokeo yalikuwa na cha kulinganishwa nacho kwa haki.

Mfano wa pili ni wa usafiri wa anga. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana katika kisiwa cha Tenerife, watu 583 wakafa. Kapteni wa mojawapo alianza kuruka bila ruhusa, na mhandisi wake aliyeonyesha wasiwasi hakusikilizwa. Mwaka 1979 NASA iliitisha kongamano lililowakutanisha watafiti na mashirika ya ndege. Kufikia mwaka 1981 shirika la United lilikuwa limeanza mafunzo ya namna wafanyakazi wa chumba cha rubani wanavyopaswa kusemezana na kupingana. Robert Helmreich wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, aliyefanya kazi bega kwa bega na watafiti na mashirika hayo, alikwenda mbele zaidi miaka ya 1990. Timu yake, ikishirikiana na mashirika kama Continental, iliwaweka waangalizi ndani ya safari za kawaida, wakaandika makosa wanayoyaona na jinsi yanavyorekebishwa.

Marubani walikubali kwa sababu ya ahadi moja: hakuna jina litakaloandikwa, na hakuna atakayeadhibiwa kwa kilichoonekana. Bila ahadi hiyo, mtafiti angeona maigizo. Nayo ni ahadi ambayo mwajiri peke yake ni vigumu kuiweka ikaaminika. Chuo, kwa kuwa si bosi wa mtu, kinaweza.

Fedha kubwa nazo zipo. Mwaka 2017 IBM iliahidi dola milioni 240 kwa miaka 10 kuanzisha maabara ya pamoja na MIT. Lakini thamani ya ushirikiano wowote wa namna hiyo itaonekana katika vipengele ambavyo havitangazwi siku ya kutia saini: nani anachagua swali, nani anashika data, na nani ana haki ya kuchapisha matokeo mabaya.

Hoja ya tano: Afrika Mashariki ina kazi yake, na imekwisha kuianza

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 2013 IBM ilifungua maabara ya utafiti jijini Nairobi, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Makerere, wataalamu wa kompyuta wamefanya kazi na watafiti wa mazao wa Namulonge juu ya magonjwa ya muhogo. Na Tanzania imetoa mmoja wa mifano mizuri kabisa duniani wa uamuzi wa mtu na mashine, ukiwa katikati ya shamba.

Muhogo una maadui wawili wakubwa: batobato na michirizi ya kahawia. Batobato hujionyesha juu, kwenye majani machanga yanayojikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi. Dalili zake huanza chini, kwenye majani yaliyokomaa, njano inayofuata mishipa ya jani, na mkulima huweza kuidhania kuwa ni uzee wa jani. Shina linasimama, shamba linapendeza, mpaka siku ya kung'oa ndipo mizizi inapokatwa na kukutwa imekauka na kuwa ya kahawia ndani.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, walipiga picha 2,756 za majani ya muhogo katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Kwa kutumia programu huria ya Google, wakafundisha mfumo, na kazi hiyo ikafungua njia ya programu ya simu iitwayo Nuru, inayofanya kazi hata mahali pasipo na intaneti. Mtu anaelekeza kamera kwenye jani, na simu inachora kisanduku kuzunguka dalili.

Kisha wakafanya kile ambacho mhadhara huu unakihimiza: walikwenda kupima shambani, mashine ikiwa kando ya watu. Utafiti ulioongozwa na Latifa Mrisho wa IITA, Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa kwa kuangalia jani moja Nuru ilikuwa sahihi kwa asilimia 65. Maafisa ugani walikuwa kati ya asilimia 40 na 58. Wakulima kati ya 18 na 31. Jambo la thamani kuliko yote likafuata. Walipoangalia majani hadi sita ya mmea mmoja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kilichobadilika ni namna mtu anavyoitumia simu. Kila anayejua kuwa ugonjwa mmoja hukaa juu ya mmea na mwingine chini ataona mara moja kwa nini jani moja halitoshi, na ujuzi huo ulitoka shambani.

Nairobi nayo ina mfano wake. Kliniki 15 za Penda Health zilijaribu, mapema mwaka 2025, chombo kinachotumia akili unde ya OpenAI kumwangalia tabibu anapoandika kumbukumbu za mgonjwa. Kila kitu kikiwa sawa, huonekana rangi ya kijani. Kukiwa na la kufikiriwa, njano. Kukiwa na hatari, nyekundu, ambayo tabibu hawezi kuipita bila kuisoma. Uamuzi unabaki kwake. Katika ziara 39,849 za wagonjwa, matabibu waliokuwa na chombo hicho walifanya makosa machache zaidi ya utambuzi wa ugonjwa kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Ripoti ya kwanza ilitoka kwa pande mbili zilizo nyuma ya chombo hicho, Penda na OpenAI. Imeandikwa kwa uwazi wa kupongezwa; hata hivyo, hatua inayofuata ya jambo lenye uzito huu ni vipimo vya watu wasio na hisa ndani yake. Nafasi hiyo ni ya vyuo vikuu.

Wanafunzi mlioketi upande wa kulia, hili ni lenu. Ukanda huu umezoea kutoa majani, picha na data, kisha kupokea programu iliyokamilika. Katika utafiti wa uamuzi, mpangilio huo haufai hata kitaaluma, kwa sababu nusu ya kinachochunguzwa ni mtu: anavyoongea na mgonjwa, anavyomheshimu mkubwa wake, anavyoogopa kuonekana hajui mbele ya wenzake. Tabibu wa Tandale au afisa ugani wa Mkuranga ana sababu zake za kuikubali au kuikataa mashine, na anayeweza kuziuliza kwa lugha anayofikiria ni mtafiti aliye hapa.

Yanayopaswa kufuata

Mabibi na mabwana, wakati unakimbia. Yafuatayo yanaweza kuanza katika mwaka mmoja ujao bila kusubiri sera mpya.

Vyuo vikuu viandae mkataba mmoja wa mfano wa utafiti na viwanda, wenye vipengele vitatu visivyojadiliwa: haki ya kuchapisha matokeo hata yakiwa mabaya, baada ya kampuni kupewa muda uliokubaliwa wa kuyasoma; mpango wa vipimo uliowekwa wazi kabla data haijakusanywa; na ulinzi wa majina ya wafanyakazi na wateja kwa mujibu wa sheria, ikiwamo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Mkataba huo ukishakuwapo, meneja hatahitaji kungoja mwaka mzima wanasheria waafikiane.

Viwanda, benki na hospitali, kabla ya kulipia mfumo wowote wa akili unde unaogusa maisha au riziki ya watu, vidai ushahidi wa aina moja zaidi: si usahihi wa mfumo tu, bali usahihi wa wafanyakazi wao wakiwa nao, na hasa siku mfumo unapokosea. Kipimo kama kile cha madaktari 27 wa Ujerumani hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji kesi chache zilizopangwa vizuri, wafanyakazi waliokubali, na ahadi kwamba hakuna atakayeadhibiwa.

Wakuu wa idara wafungue njia ya wanafunzi wa uzamili kukaa miezi kadhaa kazini, ndani ya kliniki, kiwanda au ofisi ya kilimo, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo. Nao watendaji wenye uzoefu waitwe madarasani kufundisha wanayoyajua kuhusu maamuzi ya kweli, wakilipwa na kuheshimiwa kama walimu.

Mwisho, wale wanaotumia mifumo hii kila siku wapewe kiti mezani tangu swali la utafiti linapoandikwa. Muuguzi angeweza kueleza habari ya chumba chenye mwanga mwingi kabla ya picha ya kwanza kupigwa. Baada ya kipindi cha maswali, karatasi itazungushwa ukumbini. Kila taasisi yenye kazi ambayo mtu na mashine wanaamua pamoja inaombwa kuandika kazi hiyo, pamoja na jambo moja linalowatatiza. Orodha hiyo itakabidhiwa idara husika ili miradi ya kwanza ichaguliwe humo, na wenye maswali hayo waitwe kuyapanga pamoja na watafiti.

Sasa ni zamu ya maswali yenu.